Geuza Hapa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwenye nyumba ya kurekodia muziki kila mtu alimwita Wembe, na hata wanawe wakipiga simu kazini waliuliza, "Wembe yupo?" Kazi yake ilikuwa kukata utepe. Siku hizo muziki ulinaswa kwenye utepe mwembamba uliozungushwa kwenye gurudumu, na mwimbaji akikohoa katikati ya wimbo, Wembe ndiye aliyekikata kikohozi kwa wembe wa kunyolea ndevu, akaziunganisha zile ncha mbili, wala usingejua kwamba pale palipita mtu mwenye mafua.

Usidhani aliingia pale kwa mlango wa muziki. Aliingia na cherehani, kushona vifuniko vya kukinga mitambo na vumbi. Kazi ya wiki mbili ikavutika ikawa ya miezi, maana kila alipomaliza kifuniko kimoja alikwenda kusimama nyuma ya fundi mkuu na kuuliza. Sauti inakaa wapi kwenye huu utepe? Mbona haionekani? Na ukiunyanyua kwenye mwanga? Fundi mkuu alikuwa mpole, na pengine alikuwa hajawahi kuulizwa kitu na mtu yeyote. Akamwonyesha: upande wa kahawia ndio unaoshika sauti, upande unaong'aa hauna kitu.

"Na ukiugeuza, huu wa kung'aa ukaja mbele?"

"Usiugeuze," alisema fundi.

Sasa hilo si jibu la kumpa mtu wa aina ile. Alilala nalo, akaamka nalo.

Fundi alipoona jinsi vidole vyake vilivyotulia, akamwombea kwa mwenye studio apewe meza ya kukatia, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwenye studio alikubali kwa sharti moja, akalitoa huku amenyoosha kidole. "Mkataji akikosea, nasamehe. Ni binadamu. Lakini mkataji akijitia mwanamuziki, akaanza kuwapangia watu nyimbo zao, huyo anarudi kwenye cherehani siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Wembe, na hakuwa anatania. Meza ile alikuwa ameshaionja. Kurudi kwenye vifuniko asingeweza, angekufa kwa uchovu wa kukosa cha kuuliza.

Ulikuwa mwezi wa tatu wa majaribio walipokuja wale watano. Walikuwa bendi ya kwenye harusi, nyimbo za dakika tatu tatu, bwana harusi akicheza na bibi harusi, wageni wakishangilia. Kiongozi wao, mpiga kinanda aliyefundisha hesabu shuleni na kwa hiyo akaitwa Mwalimu, alikuwa amechoshwa na kufanana na kila bendi nyingine mjini. Alitaka albamu ya wimbo mmoja. Ndiyo, mmoja, dakika thelathini na nane, uenee pande zote mbili za sahani ya santuri. Ulihusu mtu anayesikia filimbi ikilia ndani ya nyumba yake mwenyewe, katika chumba ambacho hajawahi kukifungua. Midundo yake ilihesabiwa saba saba. Wembe alijaribu kuifuata kwa mguu uliozoea kanyagio la cherehani, na kila mara mguu ulibaki hewani ukiusubiri wa nane. Hakujua kama anaupenda wimbo huo. Alichojua ni kwamba anataka kuona unaelekea wapi, na kwa kuwatazama tu, wenyewe pia walikuwa hawajui.

Tabu ilikuwa hiyo filimbi. Ilipaswa kusikika kutoka nyuma ya mlango uliofungwa. Walimweka mpiga filimbi nyuma ya pazia, ikasikika filimbi. Wakamfunika blanketi, ikasikika filimbi ya mtu anayetoka jasho. Siku ya tatu wakamfungia kwenye stoo ya mafagio, akapiga chafya katikati ya wimbo, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Chombo hiki nimekisomea miaka sita," alisema. "Mkifikiria choo, mimi simo."

Watu wakavunjika mbavu, isipokuwa Mwalimu. Yeye alikaa kwenye kinanda kilichozimwa, ameshika tama. Mwishowe, Wembe akiwa ameshaondoka, akamwambia fundi mkuu ile sehemu ya filimbi itolewe: upande wa kwanza uishe kabla yake, upande wa pili uanze baada yake, basi. Kesho yake saa nane mchana mwenye studio angesikiliza, na aliwaonya mapema kwamba asiposikia kitu ambacho hajakisikia kwa bendi nyingine, hatapoteza hata sahani moja kwa ajili yao.

Asubuhi ya siku hiyo fundi mkuu alikwenda kung'oa jino. Wembe alikuta mezani kwake gurudumu, alama mbili za penseli nyeupe kwenye utepe, na kati ya alama hizo kikaratasi chenye mwandiko wa Mwalimu: GEUZA HAPA.

Mwalimu alikuwa akimwaza msikilizaji, kwamba hapa ndipo atakapoinuka kitini aigeuze sahani. Mwanamuziki yeyote angeelewa hivyo. Lakini Wembe alilelewa na shangazi mshonaji, na neno hilo alilisikia kutwa tangu ana miaka tisa. Unashona nguo upande wa ndani ukiwa nje, ukimaliza unageuza. Geuza mfuko. Geuza kola. Wewe mtoto, umegeuza? Basi akakata kwenye alama ya kwanza, akakata kwenye ya pili, akakigeuza kile kipande, upande wa kung'aa ukakaa mahali pa ule wa kahawia, akaunganisha. Na alifanya hivyo kwa furaha, kwa kuwa swali lake la siku nyingi lilikuwa limepewa ruhusa na wenye mali.

Akavaa spika za masikioni, akaiwasha mashine. Filimbi ikaanza, na haikuwa mle chumbani. Ilikuwa mbali, nzito, imepoteza makali yake yote, kama mtu anaipiga katika nyumba ya jirani na madirisha yamefungwa. Kisha ukapita ule mshono, na ngoma zikarudi karibu. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Hii ndiyo sauti waliyoitafuta hadi stoo!

Hapo hapo akaelewa na lile jingine. Kama Mwalimu angejua njia hii, asingekaa jana na kinanda kilichozimwa. Akakisoma tena kikaratasi, akakumbuka kwamba sahani nazo hugeuzwa. Ilikuwa saa sita na nusu. Kukitoa kile kipande kulihitaji dakika tano. Akashika wembe. Akauweka. Akaushika tena, na kidole cha mwenye studio kikamjia akilini kimenyooka vile vile. Mwisho akauviringisha wembe kwenye karatasi yake, akaenda kunywa chai.

Saa nane walikaa wote: mwenye studio kwenye kiti chake, wale watano ukutani, fundi mkuu na shavu lililovimba, Wembe karibu na mlango. Wimbo ukaenda, dakika moja baada ya nyingine, mwenye studio akichezea funguo zake. Filimbi ilipolia nyuma ya mlango wake, funguo zikanyamaza.

"Hiyo mmeifanyaje?" aliuliza.

Watano wakatazamana. Mwalimu akageuka taratibu mpaka macho yake yakatua kwa Wembe. "Ile sehemu si tulisema itolewe?"

Angeweza kusema ukweli wote: nilisikia, nikajua si mlichoagiza, nikaipenda, nikaiacha. Aliyatafuta maneno hayo na aliyaona. Lakini nyuma yake aliiona cherehani, na kibarua kikiota nyasi, na mitambo ikiongea na watu wengine.

"Nimekosea," alisema. "Uliandika geuza, Mwalimu, nami nikageuza kipande. Mimi ni fundi cherehani tu!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpiga filimbi alimkumbatia, akasema amemwokoa na choo. Hata mwenye studio alifuta machozi. "Kosa nasamehe," alisema. "Na liachwe palepale lilipo." Wiki iliyofuata meza ikawa ya Wembe moja kwa moja, akaikalia miaka thelathini na moja.

Albamu ilipotoka, wenye maduka walipiga simu kulalamika kwamba sahani zina kasoro katikati. Wateja wa harusi walitoweka; nani acheze na mdundo wa saba? Lakini walikuwepo watu, si wengi, walioisikiliza kisha wakainuka kwenda kuchungulia vyumba vyao wenyewe. Na wale watano hawakufanana tena na bendi yoyote. Kila walichorekodi baadaye kilikuwa na sauti moja iliyotoka chumba cha pili. Nyuma ya jalada, chini ya kinanda, gitaa, besi, ngoma na filimbi, waliongeza mstari wa utani: *Kosa: Wembe.*

Alicheka nao. Wageni wakija nyumbani, wanawe walilitoa jalada kabatini wawaonyeshe, naye akacheka tena, ila kila mwaka kicheko kilipungua kidogo. Neno lile lilimuuma. Lilimuuma kwa sababu alilisema yeye mwenyewe.

Mwaka huu, alasiri moja, Mwalimu alimtembelea akiwa na mkongojo na karatasi mkononi. Albamu ilikuwa inachapishwa upya, na alitaka Wembe ahakikishe jina lake limeandikwa sawa. Wembe akavaa miwani, akasoma.

"Jina ni sawa," alisema. "Hili neno la mbele yake liondoe."

"Kosa? Wembe jamani! Huo utani watu wanaupenda kuliko wimbo wenyewe."

"Nilisikiliza kabla yenu." Akavua miwani. "Saa sita na nusu. Nilijua ulimaanisha sahani. Nilikuwa na saa nzima na nusu ya kukitoa kile kipande, Mwalimu. Sikukitoa."

Mwalimu aliitazama cherehani pembeni ya chumba, imefunikwa kifuniko kilichoshonwa vizuri.

"Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Mngenirudisha pale," alisema Wembe, akiionyesha kwa kidevu.

"Na sisi tumekuwa tukimwambia kila mtu kwamba ilikuwa bahati." Mwalimu alitoa kalamu mfukoni, akalipiga mstari lile neno, mstari mmoja ulionyooka kama wa kufutia hesabu. "Haya. Niandike nini?"

Jibu hilo Wembe alikuwa nalo siku nyingi.

"Mshono."

Mwalimu akainama juu ya karatasi, akaandika herufi moja moja, kwa mwandiko ule ule ulioandika GEUZA HAPA.