Refa Masanja na karata yangu ya nne

Jamani, mpaka sasa hivi sijaamini. Mdogo wake Masanja kanipigia asubuhi, nikamwambia acha utani wako. Kumbe si utani. Refa wetu ametutoka.

Wengi hapa hamumjui, ngoja niwaambie. Miaka ya tisini, kwenye machimbo ya dhahabu karibu na Segese, Masanja alikuwa fundi wa pampu za kuvuta maji mashimoni. Jumapili alikuwa refa wa mashindano ya karata. Mimi nilikuwa mama ntilie hapohapo, na karata nilizijua kuliko wanaume wengi. Sijisifu, waulizeni.

Alikuwa na msimamo huyo! Ukimwonyesha mwenzio karata, onyo. Ukirudia, umepoteza mchezo. Ukiiba, nje. Alishamtoa kaka yake wa damu, wakakaa miezi hawasalimiani.

Kabla ya mchezo alizipaka karata unga wa muhogo kidogo, kisha anazifuta, zisigandane. Kwa vumbi na jasho la kule, pakiti mpya ilichakaa ndani ya wiki.

Basi ikafika fainali, mimi na Juma, mchimbaji mmoja kutoka Singida. Zawadi mbuzi. Kila mtu anashika karata tatu, akicheza moja anaokota nyingine kwenye rundo.

Nikaokota. Kutazama mkononi, ziko nne. Mbili zilikuwa zimegandana. Nikasema kwa sauti, "Refa, nina nne."

Juma akaruka. "Mwizi huyu! Ndiyo maana anashinda kila siku!" Umati nao ukadakia, mwizi, mwizi.

Niliogopa, sifichi. Kule mwizi hakufikishwa polisi. Na hata wangeniacha mzima, nani angekula kwa mwizi? Nilikuwa na watoto wawili, na lile sufuria la wali ndilo lilikuwa mume wangu.

Masanja hata hakupandisha sauti. "Karata chini, kifudifudi. Wote kimya."

Akamgeukia Juma. "Nani kagundua kwanza?"

Juma akawageukia watu.

"Nakuuliza wewe."

"Yeye mwenyewe."

"Sasa mwizi anajitangaza?"

Akalishika rundo, akazikagua karata moja moja bila kuzifunua. Nyingine nazo zilikuwa zimegandana. Akawaonyesha watu. "Leo unga uliniishia, nikasema potelea mbali, tucheze tu. Kosa la kwanza ni langu."

Refa huyo, mbele ya umati mzima! Mimi nikajua yamekwisha.

Wapi. "Mama Neema, na wewe umekosea. Ungeangalia kabla ya kushika. Nakupa onyo. Juma atachomoa moja mkononi mwako bila kuiona, irudi kwenye rundo, tuchanganye, tuendelee."

Juma akachomoa nini? Ree ya turufu. Karata kubwa kuliko zote!

"Kaka Masanja, unanionea."

"Sikuonei, dada yangu. Angekosea yeye ningempa hiyohiyo."

Kisha akasimama juu ya kreti. "Nimehukumu kosa. Wizi sijauona. Atakayemwita mwizi, Jumapili ijayo asije."

Nikafungwa. Mbuzi akaenda na Juma, mimi nikamnunia Masanja wiki nzima. Hata chai nilimpa bila kumtazama, na alikunywa akamaliza.

Jumapili iliyofuata alikaa na watazamaji, akampa mwingine kazi ya urefa. Alisema refa akikosea naye ana adhabu yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwenye Jumatatu, kesho yake baada ya fainali. Nilipika nusu ya wali wa siku zote, maana nilijua wateja hawaji. Mtu wa kwanza kukaa kwenye benchi langu alikuwa Juma, na wenzake wanne. "Dada, wali upo?" Uliisha kabla ya saa saba, ikabidi niinjike mwingine.

Wali ule ndio uliowasomesha wanangu. Neema leo ni nesi. Ndiye aliyekuwa akinipigia kila jioni kunieleza hali ya Masanja wodini alikolazwa.

Kaka Masanja, miaka yote hii tukikutana nilikuwa nakulaumu kwa fainali ile, wewe unacheka tu. Asante sikuwahi kukupa. Nilidhani muda upo. Nisamehe.

Siku ile ungekaa kimya tu, mimi nisingekuwa na jina, na wanangu wasingekuwa na mama.

Wabeja sana, asante sana, kaka yangu. Pumzika kwa amani.