Viatu vya Mbwa wa Kaskazini

Mdogo wangu wa kiume alioa mbali kaskazini, kwenye nchi ambayo jua hupotea kwa miezi, na mwishoni mwa miaka ya tisini wakampa kazi ya kuandaa mbio za mbwa. Mbwa hao huvuta sleji, gari la kuteleza, juu ya theluji siku baada ya siku, na kila mguu lazima uvae kiatu cha kitambaa, la sivyo barafu huwachana nyayo. Akawaambia wenzake: dada yangu yuko Guangzhou, atashonesha. Hata hakuniuliza. Ndivyo alivyo.

Basi mimi, mwanamke wa Unguja niliyekwenda Uchina kufuata nguo za watoto za kuuza, nikawa nahangaikia viatu vya mbwa.

"Vikichomoka njiani, Dada, mbwa wataumia na mbio zitasimamishwa," aliniambia kwenye simu. "Na mimi ndiye niliyewaahidi. Hapa bado mgeni."

Tangu siku ile sikutulia. Nilikula nimesimama. Nilipanda na kushuka ngazi za majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, nikipishana na wachukuzi na marobota yao, nikisahau nilichofuata.

Sampuli za viatu zilipotoka tulizijaribu chumbani, mimi na shoga yangu, Mkristo wa Mbeya aliyekuwa akinunua redio. Tulivivaa mikononi tukatambaa sakafuni, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Hakuna kilichochomoka.

"Freshi, mwambie laoban aendelee," akasema.

Moyo wangu ukakataa. Ngumi ya mtu si mguu wa mbwa.

Huyo laoban, mwenye kiwanda, alikuwa na mbwa wa kulinda ghala. Kwetu Waislamu kumgusa mbwa ni shughuli: akikuachia mate, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana mdogo wangu alipokuja likizo na koti limejaa manyoya ya mbwa, mama alimsimamisha mlangoni, akamrushia kikoi abadilishe kwanza. Ilimuuma, na tangu hapo hakurudi tena nyumbani.

Nilimwomba shoga yangu anishikie yule mbwa. Wakatazamana, yeye na mbwa.

"Mimi nguruwe nakula, kitimoto kabisa, lakini huyu simshiki," akasema.

Nikapiga magoti mwenyewe. Nilimvisha mguu mmoja mmoja, ananilamba mpaka kwenye kiwiko, nami nambembeleza, "Tulia baba, tulia." Nilipomwachia alizunguka uani kama aliyekanyaga makaa, na viatu vya nyuma vyote viwili vikabaki chini.

Nilitaka kulia. Nikaviokota nikamwonyesha laoban: miguu ya nyuma ni myembamba, itiwe lastiki kifundoni.

"Mei you," akajibu. Hakuna.

Sikuondoka. Nilisimama pale mate yakinikaukia mikononi, mpaka lastiki ikapatikana. Tukamvisha tena. Alikimbia mpaka akachoka, na vyote vinne vilikuwa bado miguuni.

Hotelini nilichota udongo kwenye chungu cha maua cha koridoni, nikimkwepa mhudumu, nikaosha. Kisha nikapiga simu kaskazini.

"Vimeshika," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nimemvisha mbwa."

"Nani alimshika?"

"Mimi."



"Na udongo umepata wapi huko?"

"Nimeiba kwenye maua ya hoteli."

Akacheka sana, kisha kicheko kikakatika, nikajua analia.

"Dada," akasema, "mbio zikiisha, mwambie mama nakuja."