Uhai wa Kwanza na Kibuyu cha Maziwa

Juzi, stesheni ya Kaliua, mwalimu wa kisomo wa kijiji cha ujamaa alitueleza, tukisubiri treni, kwamba uhai ulianza wenyewe majini, dunia ikiwa bado changa.

Mama aliyepakata kibuyu cha maziwa ya mgando akamkazia macho.

"Mwalimu, mimi maziwa hayagandi vizuri nisipobakiza ya jana kibuyuni. Yakiisha, naomba kwa jirani. Sasa huo uhai wa kwanza uliomba kwa nani?"

Mwalimu alifungua daftari, akapekua, akalifunga. "Hapo, mama, hata wataalamu bado wanatafuta."

Nimekaa semina nyingi. Swali kama hilo sijapata kulisikia.

Mama akammiminia kikombe, kisha akatikisa kibuyu kuhakikisha kidogo kimebaki.

"Kunywa, mwanangu. Wasipopata, waje kwangu niwagawie."