Mikono ya Wanaoanika Ndagala

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Gatete, Burundi, nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka, nikitarajia kukabidhiwa sindano. Titulaire, yaani mkuu wa kituo, alinitazama, akavuta kiti akakisogeza dirishani.

"Ukae hapo. Mugonjwa akikuja, umuangalie ngozi. Sindano utaikuta tu."

Nilinuna. Nilikuwa nimesomea uuguzi, si kukaa dirishani.

Lakini bwana yule alijua anachofanya. Vitabu vyetu vya shule vilisema ngozi iliyopata uvimbe huwa nyekundu. Haya, nendeni mkautafute huo wekundu kwenye ngozi kama yangu! Kwetu huzidi weusi tu, au huelekea zambarau, na taa ya kituo huficha hata hicho kidogo. Unahitaji mwanga wa jua, na mgongo wa kidole wa kupimia joto. Niliwafundisha hivyo wauguzi wote waliopita mikononi mwangu, Gatete, kisha Nyanza-Lac, na mwisho Rumonge. Sioni haya kujisifu: nilikuwa hodari wa ngozi, na kila mtu alijua.

Wengi niliowahudumia walikuwa watu wazima wenye virusi vya ukimwi. Kinga ikishuka, mara nyingi ngozi ndiyo hulalamika mapema. Kuna magamba ya mafuta kwenye nyusi na pembeni mwa pua, ambayo madaktari huyaita dermatite séborrhéique. Kuna na prurigo, vipele vigumu vya mikononi na miguuni vinavyowasha mpaka mtu anajichuna. Mbu anauma kidogo tu, mwili unakasirika kupita kiasi. Hayo yote mawili hayaambukizi kwa kugusana. Nililisema hilo mpaka sauti ikanikauka, kwa sababu kule mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, watu huogopa kipele kuliko homa.

Mama Faida, jina hilo nimempa mimi, alikuwa na yote mawili. Alitoka Kivu ya Kusini, na pale Rumonge alianika ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwenye meza za waya, akitumia meza moja na mwenzake. Wiki chache baada ya kuanza ARV, uso na mikono vilichafuka kuliko mwanzo. Akaja, akaweka kopo la vidonge mbele yangu.

"Dada, hizi dawa ziko zinanichoma. Nimezirudisha."

"Nani amekuambia zinakuchoma?"

"Mama Jeanine, mwenye tunaanika naye. Amenifukuza ku meza. Anasema magamba yangu itaanguka mu ndagala, batu batakataa kununua. Batoto bangu batakula nini?"

Niliogopa, sifichi. Akiacha dawa, ugonjwa utammaliza. Na kama kweli dawa imemdhuru nami nikimshurutisha ameze, nitamuua mimi mwenyewe. Nikampima homa: hakuna. Nikatafuta vidonda mdomoni, macho yaliyovimba, malengelenge, ngozi inayobanduka: hakuna. Magamba yalikuwa nyusini kama zamani, vipele mikononi kama zamani, ila vimepamba moto. Nikamwita titulaire wetu wa Rumonge, mama asiyependa haraka. Alimkagua upya kuanzia kichwani.

"Haiko allergie ya dawa," akasema. "Kinga yake ilikuwa inalala kama sentinelle, mulinzi muvivu. Sasa imeamka, inapigia kelele hata mbuzi ya jirani. Aendelee na dawa."

Nikamrudishia Mama Faida kopo lake, pamoja na krimu ya uso, vidonge vya kupunguza muwasho na agizo la kuvaa nguo za mikono mirefu mbu wanapotoka.

"Umeze kila siku, na uje nikuone. Ngozi isipotulia, ukuje unitukane mbele ya batu bote."

Akacheka kidogo, akachukua kopo.

Alianika peke yake mchangani, akauza kwa bei ya kutupa, lakini hakuacha dawa. Ngozi ikatulia polepole, yakabaki madoa meusi. Mwishowe akapata meza yake mwenyewe.

Sasa nimestaafu. Vijana wa uuguzi huja kuniuliza ninajivunia nini, nadhani wanangoja niwaonyeshe vyeti. Mimi huwasimulia asubuhi moja ya mwaka wangu wa mwisho.

Mama Faida aliingia kituoni akimshika mkono mwanamke aliyejifunika kitenge mpaka vidoleni, na joto lote lile. Alikuwa Mama Jeanine. Alipojifunua, nikaona vipele vya prurigo, vipya juu ya makovu ya miaka.

"Nilimufukuza juu niliogopa: batu bakiangalia ngozi yake, bataangalia na yangu," akasema, akalia.

Mama Faida alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akanigeukia.

"Dada, umuangalie muzuri. Huyu iko wa meza yangu."