Upande wa Wageni Katika Nyumba ya Mawe

Nisikilize, rafiki, hasa wewe unayependa kueleza mambo kama mimi. Wakati wa kufungiwa kwa korona, nilikuwa nikimhudumia kwa muda mzee mmoja Mwingereza hapa mtaani Lidcombe, mbali na kwao Uingereza. Binti yake, aliyekwama Uingereza, alitaka kunipima kwa video kabla ya kuniajiri kwa kudumu, nami niliitaka sana kazi hiyo.

Ili aone ninavyomfahamu baba yake, nikainua picha ya nyumba ya mawe ya shambani alikozaliwa mzee. Nikamweleza binti polepole, "Kuta ni nene ili kuzuia baridi, na madirisha ni madogo ili kutunza joto. Upande huu wenye mlango mpana ni wa wageni. Kwetu Kenya pia mgeni hutengewa sehemu yake nzuri. Na mfereji huu unaotokea chini ya mlango ni wa maji yao ya kuoga."

Mzee, aliyeketi kando yangu, akakohoa.

"Wanjiku, mama, wageni hao walikuwa na pembe," akasema. "Tuliwakamua asubuhi na jioni."

Binti alicheka mpaka simu ikamponyoka, kisha akaniambia nianze kazi ya kudumu Jumatatu.

Ukionyeshwa picha ya nyumba ya mtu, muulize kwanza nani alilala wapi.