Mwezi Ulioingia kwa Waya wa Kuanikia Nguo

Mimi, mwalimu wa fizikia mwenye shahada, niliwatangazia majirani zangu wa Michenzani sikukuu isiyokuwapo, na hadi naandika haya nashindwa kujizuia kucheka.

Ilikuwa magharibi ya Ramadhani ishirini na tisa. Umeme umekatika, simu hazina mtandao, na jengo zima linasubiri habari ya mwezi kutoka redio yangu ya betri, ambayo ilikuwa ikikoroma tu. Jirani yangu Bi Rukia alisimama mlangoni, jogoo wake wa Idi kwapani. Bila ya friji, hakuthubutu kumchinja kabla ya hakika.

"Bi Asha, wewe si msomi? Hebu tufanyie jambo!"

Nikamweleza kwa madaha kwamba antena ikirefuka hunasa mawimbi mengi zaidi, kisha nikaiunganisha na waya wa kuanikia nguo. Redio ikatamka wazi: mwezi umeandama, kesho Idi! Nikakimbilia roshani, nikapaza sauti. Vigelegele vikapanda ghorofa hadi ghorofa. Mume wa Bi Rukia akapiga bismillahi, jogoo akaaga dunia.

Sikufikiri hata chembe kwamba waya mrefu hunasa hata vituo vya nchi jirani, yenye tangazo lake la mwezi. Mtangazaji akaendelea, "Waumini wetu wote hapa Mombasa..."

Bi Rukia akanitazama, manyoya yamemjaa mikononi.

"Mwalimu, jogoo tushamchinja, na kesho nnafunga. Sasa huyu nimpeleke Mombasa?"