Siku Kipa Wangu Alipokuja Kwangu Kuposa

Mimi ni shabiki, na sisemi hivyo kama hawa vijana wanaovaa jezi siku timu imeshinda na kuivua siku imefungwa. Nina timu ya Uingereza ambayo nimeililia mbele ya wafanyakazi wangu bila aibu. Nina timu ya Nairobi ambayo nimeifuata kwa mvua na kwa jua, hata miaka ile haikuwa na kocha wala basi. Ukutani kwangu kuna televisheni pana kuliko mlango wa nyumba niliyozaliwa. Shule niliacha darasa la tano. Lakini fika Gakoromone, uliza ni nani anajua mpira katika soko lote, utaelekezwa kwenye stoo yangu ya ndizi, na pale utakuta watu wenye digrii wamekaa juu ya kreti wakiningoja niwaeleze kwa nini walifungwa.

Hiyo stoo nilianza na mkungu mmoja begani. Siku hizi malori yangu ndiyo yanayotoka Meru kabla ya mengine yote, na sikubebwa na mtu. Hivyo ndivyo nimekuwa nikiwaambia watu kila mara.

Pamoja na hayo, ukiniuliza kipa bora niliyewahi kumwona kwa macho yangu mawili, sitakutajia mtu wa televisheni. Nitakupeleka upande wa Embu, juu kule Kianjokoma, kwenye uwanja uliobanwa na chai pande tatu. Upande wa nne palikuwa na kituo cha kupimia majani. Mpira ukitoka nje ulizama ndani ya chai, na mwenye shamba alisimama hapo na panga lake kuhakikisha tunaingia kuutafuta kwa adabu.

Kipa wetu ndiye aliyekuwa karani wa mizani. Alidaka na penseli sikioni. Nimeona makipa wa glavu za bei ya ng'ombe. Huyu alidaka kwa mikono mitupu, vidole vimekolea weusi wa majani, na mpira ukifika pale ulikuwa umefika nyumbani. Sote tulimwita kwa jina la utani. Jina lake la kanisani sikuwahi kulijua.

Mimi nilikuwa kibarua wa kuchuma chai, kijana wa kama miaka kumi na saba, nikipanda kwa miguu kila asubuhi kutoka Kanja. Sikuwa na shamba wala viatu vya maana. Mahali pangu palikuwa nyuma ya lango lake, kikapu mgongoni, nikipiga kelele. Siku moja nilichoka nikanyamaza, na yeye bila kugeuka akaniambia nisinyamaze, kwamba akinisikia nyuma yake ndipo anajua lango liko wapi. Hakuniuliza jina. Lakini mpaka siku hiyo hakuna mtu alikuwa ameniambia kwamba sauti yangu ina kazi. Nilirudi Kanja nikitembea kama mtu aliyeandikwa kazi serikalini.

Sasa kuna mechi moja lazima niieleze, maana bila hiyo hutaelewa mengine. Tulikuwa tunacheza na timu ya kiwanda cha kahawa cha kule chini. Wa chai na wa kahawa hawajawahi kupendana, hilo halina siri. Mechi ikikaribia kwisha, refa akawapa wale wa kahawa penalti, na wa kuipiga akawa ndugu yangu mkubwa, tumbo moja, ambaye alikuwa amepata kibarua huko kiwandani kwao. Akaweka mpira chini. Akarudi nyuma hatua zake. Hapo hapo lori la chai likapiga honi kwenye kona.

Pengine dunia nyingine lori lingengoja. Kwetu mpira ndio ulingoja, kwa sababu majani yakilala yanakuwa mekundu na kiwanda kinayakataa. Kila mtu alikimbilia kikapu chake. Kipa akatoka langoni, akachomoa penseli sikioni, akapima majani ya kila mama na kila mzee mpaka gunia la mwisho likapanda lori. Muda wote huo ndugu yangu alisimama karibu na ule mpira kama mtu anayelinda maiti. Hakukaa, hata maji alikataa. Kisha kipa akarudi, akaweka penseli mahali pake, akaruka kulia, akaudaka.

Nilishangilia mpaka sauti ikakatika. Nilipotazama mbele nikaona ndugu yangu hamwangalii kipa. Ananiangalia mimi. Tulikaa muda mrefu sana bila kuongea, na hata tulipopatana, mechi hiyo haikutajwa kwenye chakula.

Zaidi ya miaka thelathini ikapita. Niliteremka Meru, nikapata mali na mke mzuri. Binti yetu wa kwanza nimemsomesha mpaka chuo kikuu, yuko maabara ya hospitali, anaangalia damu kwa mashine na kukuambia una nini. Alipomleta kijana nyumbani, mwalimu mmoja mpole kutoka Embu, swali langu la kwanza lilikuwa anashabikia timu gani. Akasema mpira hafuatilii sana. Nilimhurumia, lakini nikamkubali. Jamaa zake walipokuja kujitambulisha, baba yake hakuwemo. Walisema mguu unamsumbua, atakuja siku ya mahari yenyewe.

Kwa desturi zetu baba wa msichana siku hiyo haongei. Anakaa kimya kama gunia na msemaji wake anaongea. Msemaji wangu alikuwa huyo ndugu yangu mkubwa, kwa sababu huwezi kumruka. Wiki nzima nilimpa maagizo. Awabane. Wakitoka hapa wawe wanajua wamechukua mtoto wa nani. Mimi kupunguza bei sijawahi tangu nianze biashara, na sikutaka kuanzia kwa binti yangu.

Siku ikafika. Akina mama wa kwetu wakawafungia geti mpaka wageni waimbe vya kutosha. Lilipofunguliwa, mbele alikuwa mzee mwenye fimbo. Kabla hajaingia alisimama katikati, miguu imeachana kidogo, mkono mmoja wazi mbele yake, akitupa macho nguzo hii ya geti na nguzo ile kama anayepima upana. Mwili wangu ulimtambua kabla ya kichwa. Koti alilovaa lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi mpaka juu ya nyufa.

Ndugu yangu naye alikuwa amemwona. Akaniinamia sikioni, akasema taratibu, "Mungu ni mwema. Yule si ndiye?"

Pasta akaomba, watu wakala, vyombo vikaondolewa, kazi ikaanza. Ndugu yangu alianza na vile vitano vya Kimeru ambavyo havina ubishi: ng'ombe, fahali, kondoo jike, kondoo dume na asali. Kisha akafungua gunia la pili. Ng'ombe wa maziwa wa gredi. Tangi la maji. Mablanketi ya shangazi, suti za wajomba, na wajomba aliowataja wengine hata mimi siwajui. Msemaji wao, binamu fulani mwenye miwani, alikuwa anatoa jasho. Kipa wangu alikuwa anaangalia mikono yake magotini.

Nikakohoa. Hiyo ndiyo dalili ya kutoka nje kushauriana. Tukasimama nyuma ya zizi.

"Mpunguzie," nikasema.

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Mimi namjua mkwe tu. Kipa simjui." Akatoa kijiti cha meno, akakichunguza. "Aliniacha nimesimama pale na mpira kama mjinga. Leo na yeye asimame kidogo."

Nikamwambia hiyo ni mechi ya watoto, iliisha zamani, mzee wa watu hana kitu. Akanijibu kwamba kwake haijaisha, na tena si kipa aliyemuumiza. "Siku ile, wewe ulikuwa nyuma ya lango la nani?" Mwishowe nikatumia ubabe, maana ndio ninaoujua. Nikamwambia boma ni langu na mtoto ni wangu, afanye ninavyotaka. Akasema sawa.

Alifanya nilivyotaka, lakini alifanya kwa hasira. Tulipoketi akaanza kuondoa vitu kama mtu anayemwaga gunia. Tangi, liondoke. Ng'ombe wa gredi, waondoke. Mablanketi, suti, ondoa. Fahali atakuja siku Mungu akipenda. Hata jikoni vikombe viliacha kulia.

Binamu wa miwani akaanza kushukuru. Kipa wangu akamshika mkono kumnyamazisha. Kisha akafanya kitu ambacho baba wa kijana hafanyi: akaongea mwenyewe.

"Mzee wa boma," akaniambia, "huyu msichana ana shida gani?"

"Hana shida."

"Basi mbona anapunguzwa kama ndizi zilizoiva kupita kiasi?"

Kwenye mlango wa jikoni binti yangu alikuwa amesimama na chupa ya chai. Nimemwona akilia mara nyingi tangu azaliwe, nikajua la kufanya. Safari hii hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyewekwa kwenye mizani mbele ya watu, mshale haujasogea. Hapo ndipo nilielewa nilichofanya. Nilitaka kumheshimu mzee, na heshima hiyo nikaichota kwa mtoto wangu. Kama wale wageni wangeinuka wakiamini tunawaficha ugonjwa au aibu, ndoa ingeishia pale pale, na yeye angebaki na swali hilo maisha yake yote.

Nikasimama. Niliwaambia yote: Kanja, kikapu, kelele nyuma ya lango. Nilisema kwamba nimezoea kutangaza kuwa hakuna mtu aliyenishika mkono, na hilo si kweli kamili, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuniambia nisinyamaze, na nguvu ya hilo neno ndiyo niliyoingia nayo Gakoromone. Nikasema binti yangu hana kasoro hata ya kucha, ni mimi nilishindwa kumkazia kipa wangu. Nilizungumza vibaya, nikirudia maneno. Mimi ambaye sokoni hawaninyamazishi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukumbuki," akasema. "Sitakudanganya. Nyuma ya lango sikuwa nageuka." Halafu akamnyooshea ndugu yangu fimbo. "Huyu ndiye namkumbuka. Huyu alisimama na mpira wake mpaka nikamaliza kupima. Nilikuwa napima huku namwogopa. Alipiga vizuri sana. Mimi niliruka tu upande mmoja, nikabahatisha."

Ndugu yangu naye ana miwani yake ya uzee; akaivua, akaipangusa kwa shati, akaipangusa tena.

"Sasa, wazee," mzee akaendelea, "mpira wa kuhurumiwa sijawahi kudaka, na sitaanza na miguu hii. Mwambie nduguyo apige."

Na ndugu yangu akapiga. Akarudisha tangi, akarudisha ng'ombe wa gredi, akarudisha wajomba wote pamoja na wale wasiojulikana. Binamu wa miwani sasa akapata nguvu, akawakataa wajomba mmoja mmoja akiuliza kila mmoja anaishi wapi. Mzee alikuwa anamnong'oneza majibu, na mengine yalikuwa makali mpaka pasta akaficha uso kwa leso. Waliondoa tangi kwa kusema Meru kuna mvua. Tukawashinda kwenye mablanketi. Tulitoka nje kushauriana, nao wakatoka, tukakutana wote nyuma ya zizi kwa sababu hakukuwa na pengine pa kusimama. Mwisho ulipofika sitausema, ni wa nyumba mbili, lakini haukuwa mdogo na haukuwa wa kumvua mtu koti. Mzee alipeana mkono na ndugu yangu kwanza. Mimi akanipa baadaye.

Ikabaki jambo moja, na ndilo lenye uzito. Msichana huletwa na kibuyu cha uji, anaonja, halafu anampa baba yake. Akimpa, amekubali. Asipompa, kila mbuzi anarudi alikotoka.

Binti yangu akaja na kibuyu. Akaonja. Akasimama mbele yangu na hakukitoa. Wale wageni walidhani ni madaha ya wasichana, wakaanza kupiga makofi kidogo kumhimiza. Mimi nilijua si madaha.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya watu wawili, "Baba, ulitaka kunitoa bure kwa sababu ya mpira?"

"Si mpira. Ni kwa sababu ya mtu."

"Na mimi?"

Nina maneno ya kila kitu. Nina maneno ya refa, ya madalali, ya askari wa barabarani. Nilitafuta nikakosa. Kwetu mzee hainuki kwa ajili ya mtoto wake, na siku hiyo hata kidogo, lakini niliinuka kwenye kiti, nikavua kofia, nikamwambia nimekosea. Neno hilo halikuwa limewahi kutoka mdomoni mwangu ndani ya nyumba ile. Mke wangu anaweza kushuhudia. Kisha nikanyoosha mikono miwili, kama mtu anayeomba.

Binti yangu akaniwekea kibuyu mikononi, na hakukiachia. Uji ulikuwa mchachu na umejaa mpaka ukingoni. Tulikishika pamoja, yeye na mimi, nikanywa.